Kamera Ina Macho. Masikio Yake Yako Wapi?

Katika miji yetu siku hizi si ajabu tena kumwona kijana amesimama kando ya barabara, mkono mmoja ameunyosha mbele, akizungumza peke yake. Hakurukwa na akili. Mkononi ameshika kamera ndogo isiyozidi kiganja, nayo ameigeuza imtazame yeye mwenyewe. Anaeleza bei ya nyanya sokoni, au namna ya kupika biriani, au habari za safari yake ya kwanza kwa treni ya umeme kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma. Jioni kazi yake itatazamwa na watu asiowajua, na wako vijana ambao sasa hupata riziki yao kwa njia hiyo.

Kamera hizo hununuliwa kwa fedha nyingi, na aghalabu kwa jasho la familia nzima. Kaka huchangia kutoka katika mshahara, mama hutoa zamu yake ya upatu, na siku ya kwenda dukani huwa siku ya furaha. Huko dukani swali ni moja tu: "Picha zake zinatoka vizuri?" Muuzaji huiwasha, kila mmoja hujiona usoni mwa kioo kidogo, na wote huridhika. Ni nadra kumsikia mnunuzi akiuliza: "Na sauti yake je?"

Ndugu msomaji, makala haya yanahusu swali hilo la pili. Katika ukoo wetu swali hilo liligusa jambo zito kuliko burudani, yaani ardhi, na haki ya mtu ambaye hakuwapo siku ile kujisemea.

Ingekuwa haki sisi wa nchi hii tulijue swali hilo kuliko wengine. Redio ilianza kusikika Dar es Salaam mwaka 1951, lakini upande wa Bara haukuwa na televisheni mpaka miaka ya 1990. Kwa muda wa zaidi ya miaka arobaini watu walikusanyika kwa masikio. Wazee wetu waliufuata mpira wa miguu, taarifa za habari, michezo ya kuigiza na matangazo ya vifo bila ya kuuona uso wa mtangazaji hata mmoja, wala hawakupotewa na neno. Leo tunao uso, tena wenye rangi zote, na neno ndilo linalotupotea.

UPEPO WA KISIJU

Baba yetu ana shamba la minazi na mikorosho huko upande wa Kisiju, wilayani Mkuranga. Umri wake umepita miaka themanini. Mipaka ya shamba lile haikuwahi kuandikwa popote. Imo kichwani mwake. Anajua mwembe upi ulipandwa na babu yetu, safu ipi ya mibono ni ya mpaka na ipi ilijiotea, na kichuguu kipi kilikuwapo kabla hajazaliwa.

Mwaka uliopita kaka yetu mkubwa alimpata mteja aliyetaka kununua ekari mbili upande wa mashariki. Nia yake ilikuwa njema: fedha zile zingeezeka upya nyumba ya Baba, ambayo makuti yake yamechoka. Sisi ndugu watano, wote tukiwa wafanyakazi hapa mjini, tuliafikiana kwamba kabla ya lolote kufanyika, Baba azungushwe shambani, aonyeshe mipaka na kueleza historia yake, na maneno yake yahifadhiwe. Kazi ya kurekodi tulimpa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye anajifunza kazi ya video na anayo kamera ndogo ya aina niliyoieleza.

Tulikwenda mwezi wa Julai, wakati wa kusi. Baba na mjukuu wake walitangulia kuzunguka mpaka, na sisi wengine tulibaki chini ya mwembe kwa kuwa mzee hapendi kusindikizwa kama mgonjwa. Walitumia muda wa karibu saa nzima. Jioni tulirudi mjini, na tulikusanyika nyumbani kwa dada, Temeke, tuitazame kazi ile katika televisheni.

Picha ilikuwa safi ajabu. Nakshi za kofia ya Baba zilihesabika uzi kwa uzi. Lakini kilichosikika kilikuwa ngurumo isiyokatika, mfano wa mtu anayepuliza chupa mlangoni mwa sikio. Mkono wa Baba unanyooka, kidole kinaonyesha, midomo inacheza, na maneno hayapo. Hapa likipatikana neno "mwembe", pale "marehemu". Yaliyobaki yamechukuliwa na kusi.

Mahali pamoja, karibu na safu ya mibono, Baba alisimama kuliko alivyosimama penginepo. Alizungumza kwa kitambo, akanyamaza, akajifuta macho kwa ncha ya kanzu, kisha akaendelea na safari. Chumba kizima kilitulia. Dada alimwuliza mwanawe, "Hapo Babu alisema nini?"

"Alimtaja Bibi," alijibu kijana. "Lakini sikuyashika vizuri, Mama. Nilikuwa naangalia kioo asitoke nje ya picha."

Bibi anayemtaja ni shangazi yetu, dada yake Baba, mjane anayeishi Mbagala na wajukuu zake. Hakuna aliyekuwa amemfikiria katika habari hii ya shamba.

Kaka alisema iko haja ya kutafuta kamera kubwa zaidi. Hapo mimi nilisema la. Katika masomo yangu ya uandishi wa habari, mwalimu wetu wa utangazaji alikuwa na kauli moja aliyoirudia kila wiki: mtazamaji huisamehe picha mbaya, lakini sauti mbaya humfanya aondoke. Kamera ya kijana haikuwa na kosa. Iliombwa isikie jambo ambalo kwa umbo lake isingeweza kulisikia.

KWA NINI KAMERA NDOGO HUSIKIA VIBAYA

Kila kamera ya namna hii ina maikrofoni yake ndani. Ni vitobo vidogo, aghalabu juu ya kamera au mbele yake, na nyuma ya vitobo hivyo kuna utando mwembamba unaotikiswa na mawimbi ya sauti. Utando huo hauchagui. Husikia msemaji, husikia bodaboda, husikia kidole cha mshikaji kikisugua kamera, na mara nyingine husikia hata mashine ya lenzi inapotafuta fokasi.

Adui wa kwanza ni umbali. Kanuni yake ni nyepesi: mahali pa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili, nguvu ya sauti inayofika hubaki robo, yaani hupungua kiasi cha desibeli 6. Maikrofoni iliyo sentimita 20 kutoka mdomoni ikipelekwa mita 2, umbali umezidi mara kumi, na nguvu inayofika ni sehemu moja katika mia. Makelele ya dunia hayapungui kwa ajili hiyo. Kamera inapoona sauti ya msemaji imefifia, hujiongezea usikivu yenyewe, na hapo huinua kila kitu pamoja: mzee, majogoo na jenereta la jirani.

Adui wa pili ni upepo, na huyu watu wengi hawamwelewi. Ngurumo tunayoisikia katika rekodi si mlio wa upepo kama sikio linavyousikia. Ni hewa yenyewe inayoupiga utando wa maikrofoni, kama tanga linavyopigwa. Ndiyo sababu maikrofoni za nje huvishwa sponji, na zile za kazi ya uwanjani huvishwa kifuniko chenye manyoya marefu. Manyoya yale huuvunja upepo, na katikati yake hubaki hewa iliyotulia ambamo sauti hupita bila ya kusukumwa. Kifuniko hicho, ambacho vijana hukiita "paka", si pambo. Katika pwani yetu, anayerekodi nje bila ya manyoya ni sawa na anayetoka na taa ya kibatari isiyo na chemni.

AINA TATU

Nilikwenda Kariakoo pamoja na mpwa wangu, naye akaichukua kamera yake. Jambo la kwanza kulitazama halikuwa maikrofoni, bali ubavu wa kamera: je, lipo tundu la kuchomekea maikrofoni ya nje? Kamera nyingine ndogo hazina. Canon G7 X Mark II, kwa mfano, haina tundu hilo, ilhali ndugu yake aliyefuata, Mark III wa mwaka 2019, analo. Sony ZV-1, iliyotolewa mwaka 2020 kwa ajili ya watu hawa hawa wanaojirekodi, inalo pia, tena huja na kifuniko chake cha manyoya. Anayenunua kamera iliyotumika na alitazame tundu hilo kabla hajatoa fedha, kwa maana akilikosa atakuwa amenunua macho tu.

Ya kijana wetu inalo. Basi mbele yetu palikuwa na njia tatu.

Ya kwanza ni maikrofoni fupi ya kukaa juu ya kamera, inayoelekea mbele. Mfano wake unaojulikana ni Rode VideoMicro, ya kampuni ya Australia, iliyoanza kuuzwa mwaka 2015. Uzito wake ni gramu 42 tu, haina betri, kwa kuwa hupata umeme kidogo kutoka katika kamera, na huja na manyoya yake. Maikrofoni ya namna hii husikia zaidi kilicho mbele yake na hupunguza kilicho nyuma. Kwa mtu anayejirekodi mwenyewe kwa mkono ulionyoshwa, umbali ukiwa haufiki mita moja, ni chombo kizuri sana. Lakini wapo wanaodhani kwamba, kwa kuwa inaelekea mbele, basi inavuta sauti ya mbali kama darubini inavyovuta mlima. Haivuti. Ikiwa mita tatu kutoka kwa mzee, inabaki mita tatu. Isitoshe, baadhi ya kamera ndogo hazina kishikizo cha juu cha kuiwekea, nayo hubidi inunuliwe fremu ya kando.

Ya pili ni maikrofoni ya kubana kwenye ukosi wa nguo, ndogo kama punje ya harage, yenye waya. Hii husikia pande zote, lakini kwa kuwa imekaa shubiri moja chini ya kidevu, msemaji huwa mkubwa na dunia huwa ndogo. Mfano wake ulio maarufu katika maduka yetu ni Boya BY-M1, yenye waya wa mita 6, kibetri kidogo cha kitufe, na swichi ya kuchagua kamera au simu. Ubaya wake ni waya: mwenye kutembea hugeuka mbuzi aliyefungwa kamba. Tena hunasa msuguano wa nguo, na kanzu iliyopigwa pasi kwa wanga hulia kama karatasi.

Ya tatu ni ile isiyotumia waya. Kidude kimoja hubanwa kwa msemaji, kingine huchomekwa katika kamera, na sauti hupita hewani kwa mawimbi ya gigahezi 2.4. Rode Wireless GO ya mwaka 2019 ndiyo iliyoifanya aina hii kuwa ya watu wengi. Ilipotoka iliuzwa dola 199 za Marekani. Iliyofuata, ya mwaka 2021, ina vidude viwili vya kurushia, kwa hiyo watu wawili huweza kuzungumza, na kila kidude hujiwekea nakala ya sauti ndani yake, mawimbi yakikatika kazi isipotee. Kwa kazi ya harusi au mahojiano ya kutembea, hii ndiyo bora. Lakini ina betri za kuchajiwa, mwili wa binadamu ukikaa katikati huzuia mawimbi, na zile za bei nafuu zilizojaa vibandani nyingi zina pini ya kuingia kwenye simu tu, si kwenye kamera.

Mpwa wangu aliitaka ya tatu, na sikumlaumu. "Mjomba," aliniambia, "hii nikiwa nayo naweza kupata kazi za watu." Alisema kweli. Lakini katika mchango wetu zilikuwa zimesalia shilingi 180,000, na ndani yake mlikuwa na nauli ya kurudi Kisiju.

PINI NA VIJAMBO VIDOGO

Kabla sijaeleza tulivyoamua, niseme machache ambayo humwokoa mnunuzi.

Tazama pini. Pini za milimita 3.5 hufanana kwa mbali, lakini si moja. Ile ya maikrofoni ya kamera ina mikanda miwili myeusi, na ile ya simu ina mitatu. Ukichomeka ya simu katika kamera, huenda ukapata ukimya au sauti hafifu. Wapo waliorudisha maikrofoni nzima dukani wakidhani imekufa, kumbe ilihitaji kiunganishi kidogo tu, au swichi isogezwe upande wa pili.

Jaribu palepale. Kariakoo kuna vifaa halisi na kuna vilivyovishwa jina la wengine. Enda na kamera yako, chomeka, rekodi nusu dakika huku msongamano ukiendelea, kisha usikilize kwa hedifoni. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Punguza usikivu wa kamera. Mahali ambapo menyu inaruhusu, ondoa ule mpango wa kamera kujipandishia sauti yenyewe, upange kwa mkono, ili sauti ya juu kabisa ya msemaji icheze karibu na alama ya desibeli 12 chini ya sifuri. Sauti ikigonga kilele hupasuka, na iliyopasuka haitengenezeki.

Sikiliza kabla ya kuendelea. Kamera nyingi ndogo zina tundu la maikrofoni lakini hazina tundu la hedifoni. Mrekodi hufanya kazi kama kiziwi. Dawa yake ni kurekodi kipande kifupi, kusimama, kukisikiliza, ndipo kuanza kazi yenyewe. Dakika mbili za subira hulipa safari ya siku nzima.

TULIVYOAMUA

Tulinunua ile ya waya, ya kubana kwenye ukosi, pamoja na kikofia chake cha manyoya. Vyote havikufika theluthi ya fedha zetu. Akiwa barazani ameketi, waya ungeingia moja kwa moja katika kamera. Tatizo lilikuwa mpakani, maana mita 6 za waya kati ya mikorosho na mibono ni mtego kwa mzee mwenye bakora.

Kwa sehemu hiyo tulitumia ufundi wa kale. Waya tuliuchomeka katika simu yangu, simu ikaingia katika mfuko wa kanzu ya Baba, ikawa inarekodi sauti peke yake. Mpwa wangu alibaki na kamera yake mbali kidogo, akirekodi picha. Kabla ya kuanza, nilisimama kando ya Baba na kupiga kofi moja mbele ya kamera. Kofi lile lilionekana katika picha na kusikika katika rekodi zote mbili, na baadaye katika kompyuta kijana aliweka kofi juu ya kofi, picha na sauti zikaoana. Watengenezaji wa filamu wamefanya hivyo kwa ubao wao wa kugonganisha tangu zamani. Sisi tulitumia viganja, ambavyo havina bei.

Lilikuwapo jambo la adabu pia. Baba hakupenda kubanwa kitu kifuani. "Mnanipima moyo?" aliuliza. Mjukuu wake alipiga magoti, akamweleza taratibu kwamba sikio la kamera liko mbali na upepo ni mwingi, kwa hiyo wameleta sikio jingine likae karibu naye ili asilazimike kupaza sauti. Baba alifikiri, akasema, "Kumbe limekuja kwangu, sikuitwa mimi kwenda kwake." Akakubali. Tulikibana kidude kile upande wa ndani wa ukosi, tukauacha waya na pindo kidogo lililolegea ili mwendo wake usiuvute.

Alizunguka kwa mwendo wake. Alipofika katika ile safu ya mibono alisimama tena, kama mara ya kwanza. Usiku ule, nyumbani kwa dada, tuliyasikia maneno yake, pumzi kwa pumzi, na upepo ukiwa mbali nyuma yake kama mtu anayepita barabarani:

"Kuanzia mibono hii mpaka kichuguu kile, hapa ni pa dada yangu. Baba alimpa yeye. Mimi namlimia tu. Yeye ndiye aliyesuka mikeka akauza, nikaenda shule. Watoto wangu wasije wakasema hapa ni petu."

Zile ekari mbili za mteja zilikuwa humo humo.

Hakuna aliyesema neno. Kisha kaka yetu mkubwa alimwambia kijana, "Rudisha pale." Akarudisha. Kaka akasikiliza tena, akatoa simu yake, akatoka nje kumpigia mteja. Wiki iliyofuata tulikwenda Mbagala wote watano, tukamwekea shangazi rekodi ile. Alisikiliza akiwa amefumba macho, na alipomaliza alisema tu kwamba kaka yake angali anasema "mikeka" kama walivyokuwa wakisema utotoni.

Tusidanganyane hapa. Rekodi, hata ikiwa safi namna gani, si hati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka njia ya mwanakijiji kupata hatimiliki ya kimila kupitia halmashauri ya kijiji chake, na huko ndiko tulikoelekea baadaye, Baba, shangazi, majirani wa mpakani na sisi watoto. Lakini hati huanza na mtu anayejua, na anayejua ni lazima kwanza asikike.

NENO KWA FAMILIA

Kwa hiyo, mzazi au ndugu ambaye kijana wako anakuomba msaada wa kununua maikrofoni ya kamera yake, usimkatalie kwa kudhani ni anasa, wala usimpe fedha bila ya kumwuliza maswali. Mwulize: utamrekodi nani, nawe utasimama wapi? Kama ni yeye mwenyewe kwa mkono wake, ile fupi ya juu ya kamera yatosha. Kama ni mtu aliyeketi, ya waya itampa sauti nzuri kwa fedha kidogo. Kama ni watu wanaotembea, na kama kazi hiyo itamlipa, basi isiyo na waya ina haki yake, na ajiwekee akiba aifikie. Kwa hali yoyote asisahau manyoya. Mpwa wangu sasa anaweka akiba hiyo kutokana na kazi mbili za maulidi na moja ya ubarikio alizozifanya kwa kile kile cha waya.

Maikrofoni ghali iliyo mbali hushindwa na ya bei nafuu iliyo karibu. Mafundi wataeleza mengi juu ya namba zilizoandikwa katika boksi, na baadhi yake ni ya maana. Lakini mtu akishika hilo moja, hatakosea sana katika kuchagua.

Wazee wengi wa nchi hii wana mambo kama yale ya mibono: nani alipewa nini, nani alizikwa wapi, nani alimsomesha nani, deni gani lilisamehewa. Hawayasemi kwa sauti kubwa, na hawayasemi kila siku. Mwenye kamera ya kisasa anaweza kumpiga picha mzee huyo zikapendeza ukutani kwa miaka mia. Akitaka pia kujua alisema nini, hapana budi apige hatua kadhaa, amsogelee, na ambane kijidude kile ukosini kwa adabu. Na afanye hivyo mapema, wakati sauti ingali na nguvu ya kushindana na upepo.